MMEA ULAO WADUDU, NA JINSI YA KUUTUNZA NYUMBANI

Kila mkulima amepata kuona wadudu wakila mimea yake, lakini ni wachache waliopata kuona mmea ukila wadudu. Hata hivyo mimea ya namna hiyo ipo, na mmoja wao ni mdogo hata mtu aweza kuukuza dirishani katika sanduku la kioo. Asili yake ni upande wa Cape, Afrika ya Kusini, na wataalamu huuita Drosera capensis. Katika maelezo haya tutauita mmea wa umande. Ndugu yake mmoja, Drosera madagascariensis, huota katika vinamasi vya Afrika ya Mashariki.

Majani ya mmea huu ni membamba, nayo yamejaa vinywele vyekundu. Katika ncha ya kila kinywele pana tone ling'aalo mfano wa umande wa asubuhi. Lakini tone hilo si maji, bali ni ulimbo. Inzi mdogo akitua hapo hunaswa, na kadiri anavyopapatika ndivyo anavyozidi kushikwa. Kisha vinywele vya jirani huinama juu yake, na jani lenyewe hujikunja polepole. Mmea hutoa maji makali ya kumyeyusha, kama yafanyavyo matumbo yetu kwa chakula, na baada ya siku kadhaa husalia ganda tupu.

Je, kwa nini mmea uishi hivyo? Sababu ni umaskini wa udongo. Ardhi ya mahali unapoota ina nitrojeni kidogo mno, nayo ndiyo chakula kimojawapo ambacho mkulima hukitia shambani kwa samadi. Mimea mingine hukipata kwa mizizi. Huu hukipata zaidi kwa majani. Bwana Charles Darwin, mtaalamu wa Uingereza, alianza kuchunguza mmea wa jamii hii mwaka 1860, na mwaka 1875 alitoa kitabu juu ya mimea ilayo wadudu. Aliona kwamba vinywele huinama vikiwekewa kipande cha nyama, lakini matone ya maji hayavishtui. Kwa hiyo mmea haupotezi nguvu zake bure wakati wa mvua. Mwaka 1878 mwanawe, Francis, alionyesha kwamba mimea iliyolishwa ilizaa mbegu nyingi kuliko ile iliyonyimwa.

Basi, mtu atakaye kuutunza na ashike neno hili moja: mmea huu huuawa na ukarimu. Akiutilia samadi au mbolea ya dukani kama atiavyo mahindi, mizizi yake itaungua. Akiupa kipande cha nyama ya jikoni, jani litaoza.

Chukua chombo cha kioo, kama kile cha kufugia samaki, kiwe wazi juu. Ndani yake weka mkebe wa mmea wenye matundu chini, na chini ya mkebe weka kisahani. Udongo uwe nusu mchanga uliooshwa vizuri, usiwe wa pwani kwa sababu ya chumvi, na nusu piti, yaani mabaki ya mimea ya kinamasi yasiyooza kabisa. Piti huuzwa na wauza maua. Angalia isiwe imechanganywa na mbolea.

Maji yawe ya mvua, yaliyokingwa katika chombo safi. Maji ya kisima na ya mfereji mara nyingi yana chumvichumvi, nazo hujikusanya udongoni hata mmea ufe. Kisahani kiwe na maji ya kiasi cha sentimita 2, na udongo usikauke kamwe.

Weka chombo penye mwanga mwingi. Lakini usikifunike kwa kioo na kukiacha juani, maana hewa ya ndani itapata moto na kuupika mmea. Matone yakitoweka, jua ya kwamba mwanga au maji yamepungua. Majani ya chini yakiwa meusi usiogope. Hayo ni ya uzee. Mdudu mmoja mdogo kila baada ya majuma mawili au matatu yatosha. Maua yakisha kukauka utapata mbegu laini kama vumbi. Zinyunyize juu ya udongo wenye majimaji, wala usizifukie.

Twaongeza onyo moja. Watu wengine hudhani kwamba mmea huu utawaondolea mbu. Sivyo. Hunasa wadudu wachache tu, wala hauwezi kushika mahali pa chandarua. Tena maji ya kisahani yakiachwa kwa muda mrefu, mbu watataga mayai humo. Kwa hiyo kila juma yamwage yote, usugue kisahani, kisha utie maji mapya. Ama sivyo, mwenye kufuga mla wadudu atakuwa amewafugia jirani zake mbu.

Mkulima mwema hatazami mkono wake una nini cha kutoa, bali hutazama mmea unahitaji nini. Mahindi huomba samadi. Mmea wa umande huomba maji safi, mwanga, na kuachwa katika umaskini wake.