Usizifiche Nywele za Mtoto Wako



Katika kliniki ya watoto tumezoea kuona kofia za sufi hata siku za jua kali. Siku moja mama alimleta mwanawe wa mwaka mmoja na nusu kwa ajili ya kikohozi. Tulipomwomba amvue kofia, alisitasita. Tulikuta nywele chache, laini, zilizonyooka, zenye rangi nyekundu. Bibi aliyewasindikiza akawahi kusema, "Hizo amerithi kwa baba yake." Mama alinyamaza. Tulipobaki naye peke yake alinong'ona, "Majirani wanasema tumembemenda."

Kwa kuogopa neno hilo moja, alikuwa amemfungia mtoto ndani wiki nyingi.

Tuseme wazi: unyafuzi hauletwi na kubemenda. Baba na mama kukutana kimwili hakuharibu maziwa wala hakumdhuru mtoto anayenyonya. Mwaka 1933 Daktari Cicely Williams, akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika habari za ugonjwa huu. Mwaka 1935 aliutaja kwa jina la wenyeji, kwashiorkor, yaani ugonjwa unaompata mtoto mdogo wake anapozaliwa. Wazee wale waliona vema. Mimba mpya ikija, mtoto huachishwa ziwa mapema na kupewa uji mtupu. Hapo shida ni chakula, wala si dhambi ya wazazi. Maradhi ya mara kwa mara, kama kuhara na surua, huzidisha hali hiyo.

Kwa nini nywele?

Nywele zimejengwa kwa protini, na hukua kama sentimeta 1 kwa mwezi. Chakula kikipungua, mwili hutunza kwanza moyo na ubongo. Nywele huachwa nyuma. Hupoteza weusi, huwa nyepesi, na hung'oka bila maumivu. Mafuta ya kupaka hayawezi kuziponya, maana njaa imeanzia ndani.

Hata hivyo, si kila nywele nyekundu ni unyafuzi. Wengine huzaliwa hivyo. Na nywele zikitoka kwa mabaka ya mviringo yenye magamba, mara nyingi hayo ni mapunye, nayo yana dawa yake hospitalini. Basi mtazame mtoto miguuni pia. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili kwa sekunde 3. Pakibaki shimo, mtoto amevimba. Usifurahi kwamba amenenepa; mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mtoto aliyevimba asilazimishwe kula maharage mengi nyumbani ili apone haraka. Mwili wake umedhoofu, nacho chakula kingi cha ghafla chaweza kumdhuru. Hospitalini huanzishiwa maziwa maalumu kidogo kidogo. Baadaye hupewa chakula cha dawa, ambacho mara nyingi hutengenezwa kwa karanga, maziwa ya unga, mafuta na sukari, pamoja na vitamini na madini.

Chakula cha kuzuia

Kinga iko shambani mwetu. Ugali peke yake haujengi mwili vizuri, na maharage peke yake pia yana upungufu. Vikiliwa pamoja hukamilishana. Kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, huku akiendelea kunyonya hata miaka 2 na zaidi, fanyeni hivi:

1. Tieni karanga zilizosagwa laini katika uji. Karanga nzima msimpe, aweza kupaliwa. Zenye ukungu tupeni. Hata zikikaangwa, sumukuvu haiishi.

2. Pikeni maharage, kunde, choroko au mbaazi mpaka ziive kabisa, kisha ziponde.

3. Ongezeni mchicha, matembele au kisamvu, pamoja na mafuta kidogo. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa sana, kwa kuwa kibichi kina sumu.

4. Mpeni papai, chungwa au embe pamoja na mlo. Matunda haya husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyo katika maharage na mboga. Chai huyazuia, basi msimpe.

Katika Biblia tunasoma kwamba Danieli na wenzake walikula mboga na kunywa maji siku 10, nyuso zao zikapendeza kuliko za wengine. Lakini wale walikuwa vijana. Mtoto mdogo ana tumbo dogo na anakua haraka, tena vitamini B12 haipatikani katika mimea. Kwa hiyo yai, dagaa waliosagwa au maziwa yakipatikana, mtoto apate kwanza, kabla ya mgeni na kabla ya baba.

Nanyi majirani, mwoneeni mama huyo huruma. Neno "amebemendwa" humfanya afunge mlango, na nyuma ya mlango huo mtoto aweza kufa.

Yule wa kofia alilazwa, akatibiwa, akapona. Baada ya miezi mitatu alirudi kliniki akiwa mgongoni mwa mama yake. Nywele zilikuwa bado nyekundu kwenye ncha, lakini kwenye ngozi zilikuwa zimeota nyeusi tii. Kofia hatukuiona.

Mungu awabariki, awalindie watoto wenu.