Eneokazi si ghala: Namna ya kutatua hitilafu za tarakilishi bila kupoteza kazi

WATUMIZI wengi wa tarakilishi wanaijua hali hii: barua imekaribia kukamilika, mara dirisha la programu linapauka, kiduara kinaanza kuzunguka na kila kitufe kinachobonyezwa hakileti jibu. Aghalabu mwenye mashine huizima kwa nguvu, au huipeleka kwa fundi ambaye baada ya saa chache huirudisha ikiwa safi na yenye kasi, lakini bila faili hata moja kati ya zile zilizokuwa mbele ya skrini.

Hasara ya aina hii huwapata wanafunzi wa vyuo wanaoandika tasnifu, makarani wa vyama vya ushirika na walimu wenye alama za mitihani za muhula mzima. Ilhali mara nyingi hitilafu iliyoleta msiba huo ingetatuliwa kwa dakika kumi, lau mhusika angejua mambo mawili: kinachofanya programu ikwame, na mahali hasa zinapokaa faili anazoziona mbele yake.

Asili ya eneokazi

Sehemu ya skrini inayoonekana pindi tarakilishi inapowaka huitwa eneokazi. Dhana hiyo ilistawishwa na watafiti wa kampuni ya Xerox huko California katika miaka ya 1970, ikafika sokoni 1981 kupitia mashine iliyoitwa Star, kisha ikaenezwa na Macintosh ya kampuni ya Apple mnamo 1984. Nia ilikuwa kuifanya skrini ifanane na meza ya afisi, yenye karatasi na folda juu yake. Windows 95, iliyozinduliwa Agosti 24, 1995, ndiyo iliyoleta kitufe cha Start na ule mstari wa chini unaoonyesha programu zilizo wazi.

Mfano wa meza umewasaidia wengi, lakini pia umewapotosha. Eneokazi ni folda tu kama folda nyingine, iliyo chini ya jina la mtumiaji na, kwa kawaida, ndani ya diski C ambamo mfumo wenyewe umewekwa. Fundi akiifuta diski hiyo ili aweke mfumo mpya, huwa amelifuta eneokazi na vyote vilivyomo.

Programu inapokwama

Kila mtumiaji anapobofya au kupiga herufi, Windows huiwekea programu ujumbe kwenye foleni. Programu isiposhughulikia foleni hiyo kwa sekunde tano, dirisha lake huandikwa maneno Not Responding. Hiyo si hati ya kifo. Huenda programu inahifadhi faili kubwa, inasubiri printa iliyozimwa, au inahangaika kusoma flashi mbovu.

Kwa hivyo hatua ya kwanza ni kusubiri dakika mbili tatu. Hatua ya pili ni kubonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, ambayo huonyesha kila programu inatumia kiasi gani cha prosesa, kumbukumbu na diski. Ikiwa takwimu za programu iliyokwama zinapanda na kushuka, huenda ingali kazini na yafaa iachwe. Ikiwa zimebaki palepale kwa muda mrefu, ichaguliwe kisha kibofywe kitufe cha End task. Programu nyingine zitabaki wazi. Anayetumia Word ana nafuu zaidi, kwani programu hiyo huweka nakala ya kunusuru kila baada ya dakika 10, iwapo mpangilio wake haujabadilishwa, na huirejesha inapofunguliwa tena.

Iwapo Word inakwama kila inapoanza, inaweza kufunguliwa huku kitufe cha Ctrl kimeshikiliwa, ili ianze bila nyongeza zake. Ikifanya kazi vyema, basi kasoro imo katika nyongeza mojawapo, wala si katika tarakilishi nzima.

Aidha, kuzima na kuwasha si sawa na kuchagua Restart. Tangu Windows 8 ilipotoka 2012, mashine nyingi zinapozimwa huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili ziwake haraka, na huenda hitilafu ikahifadhiwa pamoja nayo. Restart huuanzisha mfumo upya kabisa.

Ikoni zikitoweka

Wapo wanaoshtuka kukuta ikoni zote zimetoweka, wakadhani virusi vimeteketeza kazi yao. Kabla ya kukata tamaa, mtumiaji abofye mahali patupu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, aingie sehemu ya View na kuhakikisha kwamba Show desktop icons imetiwa alama. Ikiwa hata mstari wa chini haupo, basi programu inayochora eneokazi ndiyo iliyozimika. Afungue Task Manager kwa vitufe vilivyotajwa, achague Run new task na kuandika explorer.exe. Aghalabu eneokazi hurudi papo hapo.

Jambo jingine la kuzingatia ni mshale mdogo uliopindwa kwenye pembe ya chini ya baadhi ya ikoni. Alama hiyo huonyesha kwamba ikoni ni njia ya mkato tu, yaani kielekezi cha kitu kilicho kwingine. Kuifuta hakuondoi programu. Kwa upande mwingine, kuinakili kwenye flashi hakubebi hati yenyewe. Mwanafunzi aliyenakili njia ya mkato atafika kwenye saiba siku ya mwisho ya kuwasilisha kazi na kukuta kijifaili cha kilobaiti moja au mbili kisichofunguka.

Kupamba na kupanga

Picha ya nyuma ya eneokazi inaweza kubadilishwa kupitia sehemu ya Personalize. Kilima cha kijani kilichopamba Windows XP, kwa mfano, ni mandhari halisi ya Sonoma, California, yaliyopigwa picha na Charles O'Rear mnamo 1996. Lakini kupanga kuna faida kuliko kupamba. Anayeumwa na macho aongeze ukubwa wa maandishi hadi asilimia 125. Mwenye mashine nzito aingie Task Manager, sehemu ya Startup, na azuie programu asizozihitaji zisijifungue kila mashine inapowaka. Eneokazi lenyewe libaki na njia za mkato pekee, nazo hati ziwekwe katika folda zenye majina yanayoeleweka.

Kabla ya kumwita fundi

Suala hili lina uzito zaidi tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipokomesha huduma za kawaida za usalama kwa Windows 10. Windows 11 inahitaji angalau gigabaiti 4 za kumbukumbu pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine nyingi za zamani hazina. Wamiliki wanalazimika kubadilisha mfumo au mashine yenyewe, na hapo ndipo faili hupotea.

Mmiliki anakili kwanza folda za eneokazi, Documents, Downloads na Pictures kwenye diski ya nje, kisha azifungue faili kadhaa kutoka huko kuthibitisha kwamba nakala ni nzima. Halafu amwulize fundi waziwazi kama diski C itafutwa. Windows ina njia ya kujirekebisha iitwayo Reset this PC, yenye chaguo la Keep my files ambalo huondoa programu zilizoongezwa lakini huziacha faili za mwenyewe.

Mali bila daftari, walisema wahenga, huisha bila habari. Kwa mwenye tarakilishi, daftari hilo ni nakala ya pili iliyo nje ya mashine.