Desturi za Wanafunzi wa Uzamili wa Haki za Binadamu Pretoria

Miongoni mwa jumuiya za kitaaluma zilizojengeka barani Afrika katika miongo ya karibuni, ile ya wanafunzi wa shahada ya uzamili ya haki za binadamu na demokrasia ya Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, ina desturi zilizokomaa kiasi cha kustahili kuelezwa kama zinavyoelezwa desturi za watu wa mji mmoja. Kituo cha Haki za Binadamu cha chuo hicho kilianzishwa mwaka 1986, siasa ya ubaguzi wa rangi ikiwa bado imeshika hatamu, na mwaka huohuo, tarehe 21 Oktoba, Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa mwaka 1981, ulianza kutumika. Shahada yenyewe ilianza mwaka 2000, na tangu hapo huwakutanisha kila mwaka wanasheria vijana wa mataifa mengi ya bara hili, ambao wengi wao hawajapata kuishi na watu wa nchi walizozisoma vitabuni.

Mwaka wao una nyakati mbili. Katika muhula wa kwanza wote hukaa na kusoma pamoja Pretoria. Katika wa pili hutawanyika kwa makundi madogo kwenda vyuo washirika, kama vile Makerere na Chuo Kikuu cha Ghana, ambako huandika tasnifu, yaani andiko refu la utafiti linalokamilisha shahada. Ndani ya nyakati hizo zipo siku za kumbukumbu ambazo hazipiti kimya: 21 Machi, ambapo Afrika Kusini hukumbuka watu 69 waliouawa na polisi huko Sharpeville mwaka 1960 walipoandamana kupinga sheria za pasi, yaani hati ambazo Waafrika walilazimishwa kubeba, 21 Oktoba, siku ya Mkataba wa Afrika, na 10 Desemba, Siku ya Haki za Binadamu duniani.

Hata hivyo, tukio linaloidhihirisha zaidi roho ya jumuiya hii ni shindano la mahakama igizo, yaani kesi ya mazoezi inayoendeshwa kwa taratibu za mahakama halisi, ambalo Kituo hicho huliandaa na ambalo lilifanyika kwa mara ya kwanza Harare, Zimbabwe, mwaka 1992. Washindani ni wanafunzi wa shahada ya kwanza ya sheria, wanaokuja wawili wawili wakiongozana na mhadhiri wao, na baadhi yao hurudi baadaye Pretoria kama wanafunzi wa uzamili. Huletewa mapema kisa cha nchi ya kubuni inayodaiwa kukiuka haki, wakaandika hoja za pande zote mbili, kisha husimama mbele ya jopo, leo wakimtetea mwombaji, yaani aliyefungua shauri, na katika raundi nyingine wakiitetea serikali inayoshtakiwa. Mzungumzaji huanza kwa kuwaamkia waheshimiwa majaji, na kabla hajamaliza hoja ya pili hukatizwa kwa swali, akalazimika kuacha karatasi yake na kujibu papo hapo, huku mtunza muda akimwinulia kadi ya dakika zilizobaki. Katika fainali, timu bora za Kiingereza, Kifaransa na Kireno huunganishwa kuwa pande mbili mpya, hivi kwamba vijana waliokuwa washindani jana hulazimika kupanga hoja pamoja kwa msaada wa wakalimani. Desturi hii ya kubadilishana pande inastahili sifa kuliko kombe lenyewe, kwa sababu mtetezi wa haki asiyejua serikali itajibu nini humwingiza mteja wake mahakamani bila ngao.

Profesa Christof Heyns, aliyekuwa miongoni mwa walioasisi shindano hilo na baadaye akawa mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji yanayofanywa nje ya sheria, alifariki Machi 2021, na msiba wake uliwagusa wahitimu waliotapakaa katika nchi nyingi, wakiwemo waliofanya kazi katika Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul, Gambia, na katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, Tanzania.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, Arusha ndiyo inayopaswa kutiliwa mkazo. Mahakama hiyo iko mwendo wa basi kutoka Nairobi na Dodoma, na vikao vyake vya kusikiliza mashauri kwa kawaida huwa wazi kwa umma. Ilikuwa ni Mahakama hiyo iliyoamua mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa Tanzania, kwamba kumzuia mgombea binafsi nchini humo kulikiuka Mkataba wa Afrika. Na ni Tanzania, nchi mwenyeji, iliyotoa taarifa mwaka 2019 ya kujiondoa katika tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja. Vitivo vya sheria vya ukanda huu viwapeleke wanafunzi wao wakakae katika ukumbi huo, wasikilize, na warudi vyuoni kubishana juu ya waliyoyasikia.