Tshopo: Wanafunzi wa Banalia na neno «had» katika kueleza nyumba na matakwa

Katika wilaya ya Banalia, kandokando ya mto Aruwimi, kaskazini mwa Kisangani, kueleza nyumba kwa Kiswahili hakusumbui mtu: kuna baraza, kuna vyumba viwili, kuna jiko uani. Kwa Kiingereza, somo linalopimwa hata katika mtihani wa taifa, Exetat, neno hilo «kuna» hugawanyika. Kwa chumba kimoja husemwa «there is», kwa viwili na zaidi «there are».

Ugumu zaidi uko kwenye matakwa. Anayelala chini ya paa la majani akitamani mabati husema: «I wish our house had an iron roof.» Kwa kuwa «had» ni neno la wakati uliopita, ni rahisi kudhani kwamba nyumba ilikuwa na mabati zamani. Sivyo. Hapa linaonyesha kitu kisichokuwepo leo.

Mwanafunzi wa Kongo ana njia ya kulikumbuka. Kiswahili husema «laiti nyumba yetu ingekuwa na mabati». Kifaransa cha shuleni husema «si seulement notre maison avait», nacho kikitumia wakati uliopita.

Kosa hapa lina gharama. Tangu 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako Kiingereza hutumika sana katika biashara. Mbele ya muuza mabati kutoka Uganda, «I wish I had» ni kulalamika tu. Anayetaka kununua husema «I would like».