Vumbi la kokoto shambani: soma upepo kabla ya kupima

Vijana mnaolima nyanya na hoho jirani na mashine za kusaga kokoto mnaniuliza sana: nitathibitishaje kwamba lile vumbi jeupe kwenye majani linatoka kule? Wengine mmeshaazima kifaa cha kupimia. Sawa, lakini kwanza angalia hali ya hewa.

Ukipima siku upepo unavuma kutoka shambani kwenda machimboni, utapata namba nzuri tu, na mwenye mashine atakushinda nayo. Kwa hiyo fuatilia utabiri wa TMA, uchague siku upepo unapokuja kwako. Na hapa wengi hugeuza mambo: upepo wa kusini mashariki ni ule unaotoka kusini mashariki, siyo unaoelekea huko. Pwani ni rahisi kidogo, maana kusi na kaskazi vina misimu yake. Milimani, upepo hupanda mteremko mchana na kushuka usiku, hivyo utabiri wa wilaya hautoshi. Funga kitambaa chepesi kwenye mti mrefu mahali pa wazi, uandike kila saa kinapepea kuelekea wapi.

Kifaa kimoja hakitoshi. Weka kimoja upande wa pili wa machimbo, upepo unakotokea, na kingine shambani, saa zile zile. Tofauti ya hizo namba mbili ndiyo hoja yako.

Mvua ikinyesha, subiri ardhi ikauke, la sivyo utapima hewa iliyooshwa. Alfajiri nayo inadanganya: hewa baridi hutulia chini na kunasa moshi wa majiko, namba inapanda wakati mashine hata haijawashwa. Vifaa vya bei nafuu huhesabu vumbi kwa mwanga, kwa hiyo ukungu nao huhesabiwa kama vumbi. Andika unyevu wa hewa kila unaposoma kipimo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2021, linashauri chembe za PM10 zisizidi wastani wa maikrogramu 45 kwa mita moja ya ujazo kwa saa 24. Hicho ni kipimo cha mapafu yako na ya vibarua wako, siyo cha majani. Kwa vumbi linalotua kwenye mazao, ndoo wazi zilizoachwa mwezi mzima, moja kila upande, zitakuambia zaidi.

Ukienda NEMC kulalamika, beba na daftari la upepo.