Yellowstone wakati wa theluji: Tarehe ndiyo huamua safari

MGENI anayefika katika mji mdogo wa West Yellowstone, jimbo la Montana nchini Marekani, siku ya Machi 25 akitarajia kuingia katika mbuga maarufu ya Yellowstone hukuta lango limefungwa. Gari alilokodi haliruhusiwi kupita kwa sababu barabara ingali mikononi mwa wafanyakazi wanaoondoa theluji. Mabasi maalumu yanayopita juu ya theluji nayo yamekwisha kusimamishwa hadi Desemba. Chemchemi ya Old Faithful, aliyoivukia bahari ili kuiona, iko umbali wa kilomita 48 hivi, lakini hana usafiri wa kumfikisha huko.

Kosa lake si uhaba wa pesa wala nguo za baridi. Kosa lake ni tarehe.

Wengi wanaopanga kuzuru mbuga yenye theluji mwishoni mwa majira ya baridi hudhani kwamba Februari, Machi na Aprili ni kitu kimoja, tofauti ikiwa ni kiasi cha baridi tu. Katika Yellowstone, miezi hiyo ni misimu mitatu yenye sheria tofauti za usafiri. Asiyeitambua tofauti hiyo kabla ya kulipia tiketi ya ndege huitambua akiwa langoni.

Yellowstone ndiyo mbuga ya kitaifa ya kwanza duniani. Ilianzishwa Machi 1, 1872, Rais Ulysses Grant alipotia saini sheria ya kuilinda. Ina ukubwa wa takriban kilomita 9,000 mraba, na sehemu yake kubwa imo katika jimbo la Wyoming, huku vipande vidogo vikiingia Montana na Idaho. Chini ya ardhi yake mna volkano iliyo hai, na joto lake ndilo linalochemsha maji ya chemchemi, mabwawa na mashimo ya mvuke yanayozidi 10,000.

Mbuga hiyo iko juu sana. Eneo la Old Faithful liko mita 2,240 hivi kutoka usawa wa bahari, hivyo mkazi wa Eldoret hatasumbuliwa na wembamba wa hewa ya huko kama mkazi wa Mombasa. Lakini Eldoret iko karibu na ikweta, ilhali Yellowstone iko mbali kaskazini. Theluji huanguka huko kwa miezi mingi, na kwa wastani hufikia kimo cha karibu sentimita 380 kwa mwaka.

Kalenda ya barabara

Mapema Novemba, karibu barabara zote za ndani hufungiwa magari ya kawaida. Theluji huachwa ijikusanye na kushindiliwa hadi iwe njia ngumu. Kuanzia katikati ya Desemba, njia hizo hufunguliwa kwa vyombo vya theluji pekee. Kuna mabasi yaliyofungwa magurudumu mapana mno au minyororo ya kutambaa, na kuna pikipiki za theluji zinazoteleza kwa mikanda na vyuma vya mbele badala ya magurudumu.

Msimu huo huanza kufikia ukingoni mapema Machi. Barabara hufungwa kwa awamu, ile ya lango la mashariki inayopita Sylvan Pass, mahali penye hatari ya maporomoko ya theluji, ikiwa miongoni mwa za kwanza. Kufikia Machi 15, usafiri wa vyombo vya theluji huwa umekwisha kabisa.

Hapo ndipo huanza kipindi kinachowanasa wageni wengi. Kwa takriban mwezi mmoja, matrekta huchimba theluji iliyogandamana tangu Novemba. Vyombo vya theluji haviruhusiwi tena na magari ya kawaida hayajaruhusiwa. Hali ikikubali, waendesha baiskeli wenye uzoefu huruhusiwa kupita baadhi ya barabara za magharibi zilizokwisha kusafishwa, wakijitegemea kwa kila kitu. Magari huanza kurejea katikati ya Aprili, tena si kila mahali. Barabara za mashariki na kusini husubiri hadi Mei.

Mkenya hapaswi kushangazwa na mpango huo. Aliyewahi kukwama katika udongo mweusi wa Maasai Mara wakati wa mvua za masika anajua kwamba barabara ya mbugani hutii majira. Tofauti ni kwamba Mara humwachia dereva ajaribu bahati yake, ilhali Yellowstone hufunga lango.

Kwa hivyo, anayetaka kuiona Old Faithful ikiwa imezungukwa na theluji yafaa afike kabla ya Februari kuisha. Anayefika katika siku za kwanza za Machi huenda bado akapata nafasi, lakini itambidi athibitishe kila barabara na kila nyumba ya wageni. Anayefika baada ya Machi 15 yafaa apange safari ya aina nyingine.

Njia isiyofungwa

Safari hiyo nyingine ipo, na huenda ikawa bora kwa anayependa wanyama. Barabara ya kaskazini, kutoka mji wa Gardiner kupitia Mammoth na bonde la Lamar hadi Cooke City, hubaki wazi kwa magari ya kawaida mwaka mzima. Urefu wake ni karibu kilomita 90. Uwanja wa ndege ulio karibu ni ule wa Bozeman, ambako msafiri anaweza kukodi gari na kuendesha kilomita 130 hivi hadi Gardiner.

Hata njia hiyo ina masharti yake. Wakati wa baridi, Cooke City ni mwisho wa safari, kwa kuwa barabara inayoendelea mashariki huzibwa na theluji. Atakayefika huko hana budi kurudi alikotoka. Kipande cha kati ya Gardiner na Mammoth nacho kina mwinuko mkali. Kilijengwa upesi baada ya mafuriko ya Juni 2022 kuisomba barabara ya zamani iliyofuata mto, na kikafunguliwa Oktoba mwaka huo.

Dereva aliyezoea barabara za Kenya hukabiliwa na mambo mawili mageni kwa pamoja: kuendesha upande wa kulia, na kuendesha juu ya barafu. Yafaa akodi gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye matairi ya theluji, na ajaze mafuta Gardiner kabla ya kuingia mbugani. Mawimbi ya simu hayapatikani katika sehemu kubwa ya mbuga. Blanketi, maji na chakula ndani ya gari si mzigo wa bure, kwani gari likitumbukia mtaroni msaada huenda ukachelewa.

Malazi na malipo

Wakati wa baridi, hoteli zinazofanya kazi ndani ya mbuga ni mbili tu. Moja iko Mammoth, na hufikiwa kwa gari. Nyingine, Old Faithful Snow Lodge, haifikiki kwa gari, na wageni wake hupelekwa kwa mabasi ya theluji. Zote mbili kwa kawaida hufunga msimu wa baridi mwishoni mwa Februari au mapema Machi, na vyumba hujaa miezi kadhaa kabla. Asiyepata nafasi anaweza kulala West Yellowstone na kwenda Old Faithful kwa basi la theluji asubuhi, akirudi jioni. Anayetaka pikipiki ya theluji kwa kawaida hulazimika kufuatana na kiongozi wa safari aliyeidhinishwa.

Kuhusu kiingilio, gari la kibinafsi hulipiwa dola 35 kwa siku 7. Lakini kuanzia Januari 1, 2026, serikali ya Marekani iliongeza ada ya dola 100 kwa kila mgeni wa miaka 16 na zaidi asiyekuwa raia wala mkazi wa nchi hiyo. Ada hiyo hutozwa katika mbuga 11 zenye wageni wengi, na Yellowstone ni mojawapo. Tiketi ya mwaka mzima ya kuingia mbuga zote ni dola 250 kwa wageni na dola 80 kwa raia na wakazi.

Wakenya, ambao mbuga zao kwa miaka mingi zimewatoza wageni wa kigeni zaidi ya wenyeji, sasa watajikuta upande wa pili wa mizani. Wale wanaoishi Marekani wabebe kitambulisho rasmi cha huko, kwa maana bei ya ukazi hutolewa kwa ushahidi.

Baridi ya mwisho

Mwisho wa majira ya baridi si mwisho wa baridi. Mchana wa Februari joto mara nyingi huwa kati ya nyuzi 5 na 20 chini ya sufuri, na usiku hushuka zaidi. Baridi kali zaidi kuwahi kurekodiwa mbugani humo, nyuzi 54 chini ya sufuri, ilitokea Februari 9, 1933. Utabiri wa hewa wa Marekani hutolewa kwa kipimo cha Fahrenheit, na hilo huwapotosha wageni. Katika kipimo hicho, 32 ndiyo sufuri ya Selsiasi, na sufuri yenyewe ni takriban nyuzi 18 chini.

Siri ya kuishinda baridi hiyo ni tabaka, wala si koti moja zito. Nguo ya ndani iwe ya sufu au ya nyuzi zinazokauka upesi, ya kati iwe ya kuhifadhi joto, na ya nje izuie upepo na unyevu. Pamba haifai kuvaliwa karibu na ngozi, kwa kuwa ikiloa jasho hukaa na maji na kuunyang'anya mwili joto. Viatu visibane, maana mguu uliobanwa hukosa damu ya kutosha na vidole huganda. Miwani ya jua na mafuta ya kukinga ngozi ni ya lazima, kwani theluji hurudisha miale ya jua usoni kama kioo.

Njaa ya wanyama

Jambo zito zaidi halihusu starehe ya mgeni bali maisha ya wenyeji wa mbuga. Kufikia Februari na Machi, baisani, yaani nyati wa Amerika, pamoja na kulungu wakubwa aina ya elki, huwa wametumia karibu mafuta yote waliyoweka mwilini wakati wa kiangazi. Baisani husukuma theluji kwa kichwa chake kizito, huku na huku, ili afikie nyasi kavu zilizofukiwa. Kila hatua ina gharama yake. Mnyama anayetimuliwa mbio na mtu mwenye kamera hupoteza nguvu asizoweza kuzirudisha, na huenda akafa siku nyingi baadaye, mpigapicha akiwa amekwisha kurudi kwao.

Hii ndiyo sababu ya sheria ya umbali. Mgeni hutakiwa kukaa angalau mita 23 kutoka kwa baisani na elki, na angalau mita 91 kutoka kwa dubu na mbwamwitu. Sheria hiyo humlinda mtu pia. Baisani dume hufikia uzani wa kilo 900 na hukimbia kilomita 55 kwa saa. Akiwa amesimama barabarani, hapigiwi honi wala hasukumwi kwa gari. Husubiriwa.

Njaa hiyo ni neema kwa wengine. Mbwamwitu wa huko, ambao si wale mbwa wa mwituni wenye madoa wa Afrika, walikuwa wameangamizwa mbugani kufikia miaka ya 1920. Mwaka 1995 na 1996 wengine 31 waliletwa kutoka Kanada na kuachiliwa. Bonde la Lamar sasa ni miongoni mwa mahali bora duniani pa kuwaona, hasa alfajiri, miili yao inapoonekana wazi juu ya weupe wa theluji. Madume ya dubu nayo huanza kutoka mapangoni Machi. Anayetembea kwa miguu abebe kopo la dawa ya kupulizia dubu, akilinunua huko huko kwa vile haliruhusiwi ndani ya ndege.

Kwenye chemchemi zenyewe, hatari iko chini ya miguu. Mvuke huganda juu ya njia za mbao na kuzifanya ziteleze kama sabuni, hivyo vyuma vya kufunga chini ya viatu vinafaa. Kutoka nje ya njia hizo ni marufuku mwaka mzima, kwani ardhi inayoonekana imara huenda ikawa ganda jembamba juu ya maji yanayochemka. Juni 2016, kijana mmoja aliyeiacha njia katika bonde la Norris alitumbukia na kufa.

Kwa hivyo mpango wa safari hii hufuata utaratibu usiopinduliwa. Kwanza ni viza, inayohitaji kuombwa miezi mingi mapema. Kisha ni tarehe, inayolinganishwa na kalenda ya barabara ya mwaka huo kama ilivyotangazwa na wasimamizi wa mbuga. Halafu ni kitanda, kiti katika basi la theluji, au gari la kukodi kwa njia ya kaskazini. Tiketi ya ndege hufuata baada ya hayo yote kuafikiana.

Wanaoanza na tiketi ndio hujikuta mbele ya lango lililofungwa, Old Faithful ikifoka kila baada ya takriban saa moja na nusu bila wao kuiona.