Zawadi Zilizolala Chini ya Meza ya Seremala

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mafundi seremala wa mji huo hawajakosa kazi. Milango, makabati, vitanda vya wapangaji wapya: oda juu ya oda. Kila mlango unaotoka karakanani huacha vipande nyuma, shubiri moja ya mninga, pembe ya mkongo, ncha za paini iliyosafirishwa kutoka Sao Hill kule Mufindi. Vingi huishia kuwa kuni. Ni hasara, kwa sababu humo ndimo zilimo zawadi za familia nzima: gari la mtoto, mwiko wa bibi, pia ya kuchezea uwanjani. Fundi akiombwa vizuri huvitoa bure, au kwa bei ya soda.

Kazi yenyewe haidai mashine. Msumeno, patasi, keekee ya mkono, msasa na gundi ya mbao vinatosha. Kinachowashinda wengi ni ukavu wa Dodoma.

Nyanda za kati zina msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na wastani wake kwa mwaka haufiki milimita 600. Baada ya hapo ni jua na upepo. Mti ukipoteza maji husinyaa, tena bila usawa: kufuata mzunguko wa pete zake hupungua karibu mara mbili ya unavyopungua kutoka ganda kuelekea kwenye kiini. Ndiyo maana gurudumu lililopatikana kwa kukata tawi vipande vya duara, njia inayoonekana rahisi kuliko zote, hufunguka upande mmoja kama keki iliyoondolewa kipande. Gurudumu linalodumu huchorwa kwa kikombe cha chai juu ya ubao mkavu, kisha hukatwa kwa msumeno na kulainishwa kwa msasa. Hata kiti kidogo kilichoungwa Dar es Salaam, kwenye hewa ya unyevu, kikifika Dodoma mwezi wa Septemba huanza kucheza kwenye maungio.

Kigoda cha miguu mitatu, kinachojulikana sana kwa Wagogo wa Dodoma na majirani zao, kinalikwepa tatizo hilo kabisa. Huchongwa chote kutoka gogo moja, hakina msumari wala ungio la kulegea. Na miguu mitatu haitikisiki hata ua ukiwa na mabonde. Ni miguu minne inayohitaji sakafu iliyonyooka. Mchongaji huanza mti ukiwa mbichi kwa kuwa tezo huingia kirahisi, halafu hukiacha kivulini kimefunikwa kwa vibanzi vyake chenyewe ili maji yatoke polepole. Anayekimbilia kukianika juani hupata nyufa. Gogo nalo lisiokotwe popote: kukata mninga au mpingo msituni kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS.

Asiyewahi kushika tezo asianze na kigoda. Aanze na marimba ndogo.

Ugogo ni nchi ya marimba. Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doda mkoani Dodoma aliyefariki mwaka 2003, alifundisha muziki Bagamoyo na kuifikisha ilimba, marimba ya kwao, kwenye majukwaa ya Ulaya. Ilimba ya wakubwa ni sanduku la mti lenye ndimi nyingi za chuma, na kwenye tundu lake hubandikwa utando mwembamba wa mayai ya buibui, ambao hutetema na kuipa sauti mvumo wake. Ya mtoto haina haja ya mambo hayo yote. Kisanduku cha paini cha ukubwa wa kitabu, tundu moja usoni, na spoku tano za baiskeli zilizopondwa kwa nyundo hadi zikawa bapa. Ndimi hizo hubanwa kwa kijiti cha chuma kilichokazwa kwa skrubu. Ulimi ukivutwa nje ukawa mrefu, sauti inashuka. Ukirudishwa ndani, inapanda. Ncha lazima zipigwe tupa mpaka zisichane kidole. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuipatanisha mwenyewe, na huenda akaifurahia zaidi kazi hiyo kuliko kupiga.

Kwa wadogo zaidi kuna tahadhari mbili. Mbao za kupaulia zilizotiwa dawa ya mchwa, ambazo mara nyingi zina ukijani, zisiguse kazi ya mtoto wala ya jikoni, kwa sababu vitu hivi huishia mdomoni. Pili, kwa mtoto asiyefikisha miaka mitatu, kitu chochote kinachopenya kwenye bomba la karatasi ya chooni, liwe gurudumu au shanga, ni kidogo mno. Anaweza kukabwa nacho.

Rangi ya dukani si lazima. Kanda hii inalima alizeti, na nta inapatikana kwa wafuga nyuki wa Manyoni na Itigi. Sehemu moja ya nta na sehemu nne za mafuta ya alizeti huwekwa kwenye kopo, na kopo hukalishwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Lisiwekwe juu ya jiko moja kwa moja, nta hushika moto. Mchanganyiko ukipoa, hupakwa kwa kitambaa, huachwa usiku kucha, na asubuhi unaosalia juu hufutwa. Mwiko upakwe tena kila unapoanza kupauka.